Mswaki wa Serikali

Nchi yetu ni ya amani, na anayesema vinginevyo hupigwa. Nalitaja mapema ili msomaji asije akapata taabu bure.

Inaitwa Tulizana. Iko pale ramani inapokunjwa, ndiyo maana wengi hawaioni. Tuna bendera, tuna wimbo, na tuna Rais ambaye jina lake ni zito mno kwa vinywa vyetu, kwa hiyo tunamwita Mlezi. Tuna pia timu mbili za mpira. Zipo nyingine, lakini hizo zimewekwa ili hizi mbili zipate wa kuwafunga. Moja ni Siafu, ya huku kwetu Bondeni. Ya pili ni Kunguru, ya ng'ambo ya reli. Mimi ni Siafu tangu tumboni mwa mama. Naitwa Sikujua, na siku hizi mitaa yote miwili huniita Bibi.

Zamani uwanja wetu ulikuwa na kelele. Sitaki kuwadanganya, watu walikuwa wakitukanana, na walitukanana vibaya. Kipa akifungwa aliulizwa wazazi wake walikuwa wamekunywa nini siku ile waliyomtafuta. Refa alitukanwa kuanzia kipenga chake mpaka babu wa babu yake. Na sisi Siafu na Kunguru ndio tuliotukanana kuliko wote, kwa kuwa ni watani. Kwetu mtani akikutukana hununi. Unamtafutia tusi zuri kuliko lake unampelekea, kama majirani wanavyopelekeana futari, sahani hairudi tupu. Katika miaka yote ile ya vinywa vichafu sikumbuki mtu kufa uwanjani, isipokuwa mzee mmoja aliyecheka mpaka moyo ukasimama, na hata yeye alizikwa na uso mzuri.

Mtani wangu alikuwa Mzee Kondo, mstaafu wa reli, Kunguru wa kupindukia. Alikaa upande wake na mimi upande wangu, katikati yetu wavu wa chuma. Hakuwahi kunisalimu kama watu wengine.

"Bado hujafa, kikongwe? Makaburini wanakuulizia."

"Wameniambia nikutangulize wewe. Nafasi ni moja, na wewe ndiye unayenuka."

"Kunuka ni kwako. Nzi wa Bondeni wote wana jina lako."

Kisha hupenyeza karanga za kukaanga kwenye tundu la wavu, za kwangu zikiwa zimeshamenywa, kwa sababu alijua vidole vyangu vina baridi yabisi.

* * *

Matusi yalikatazwa namna hii. Ilikuwa fainali, na Mlezi alikuja kukabidhi kombe pamoja na mama yake mzazi, Mama wa Taifa. Kipa wa Kunguru aliachia mpira ukampita katikati ya miguu. Jukwaa letu zima likaimba wimbo kuhusu mama wa kipa huyo na fundi mmoja wa magodoro. Mama wa Taifa akamgeukia mwanawe, akamuuliza neno moja la ule wimbo lina maana gani. Mlezi akamuuliza Waziri. Waziri akamuuliza Naibu wake. Naibu akamuuliza Katibu, Katibu akamwita dereva. Dereva akaeleza, kwa maneno na kwa mikono. Dereva huyo sasa hatuko naye.

Kabla ya wiki kwisha tukawa na Sheria ya Usafi wa Kinywa, pamoja na Waziri wa Lugha Njema, Mheshimiwa Staha Mkunjo, mtu mpole asiyekohoa bila kuomba ruhusa. Alizungumza nasi redioni.

"Ndugu wananchi," alisema, "jiwe huumiza mwili, na mwili ni mali ya mtu binafsi. Tusi huumiza heshima, na heshima ni mali ya Serikali. Kuanzia sasa, mwenye hasira uwanjani aieleze kwa njia nyingine."

Wananchi wetu ni wasikivu. Wakaanza kuzitafuta njia nyingine.

Serikali ikaunda Kikosi cha Usafi. Kila askari alipewa rungu la mninga lililonakshiwa vizuri, likaitwa mswaki. Ukitamka neno chafu unapigwa mswaki mdomoni, na maji ya kusukutua hutolewa bure. Kwa jambo hilo la maji lazima tuwashukuru, maana Bondeni mabomba yalikuwa yamekauka muda mrefu, na watoto wengine walifunzwa kutukana ili mama zao wapate ya kupikia.

* * *

Mechi ya kwanza chini ya sheria ile watu walikuja na midomo iliyofungwa na mifuko iliyojaa. Uwanja ulikuwa kimya kama chumba cha mtihani. Siafu wakafunga bao la kuotea, kila mtu aliliona. Zamani tungemuuliza mshika kibendera macho yake ameyakopa kwa nani, tukacheka, yakaisha. Safari hii Kunguru mmoja, kijana mtanashati, aliinuka, akauzunguka wavu kwa nje, akamwendea jirani yangu wa kiti.

"Samahani, kaka. Naomba unigeuzie kichwa kidogo."

"Hivi?"

"Zaidi kidogo. Hapo hapo, ahsante."

Akampasua kwa chupa.

Baada ya hapo heshima ilienea majukwaani kama moto kwenye makuti. Vijana waliwaamkia wazee kabla ya kuwasukuma nje ya kingo. Niliona kwa macho yangu kijana akimwambia mzee wa makamo yangu, "Shikamoo babu," akamtupa. Marahaba yake tuliisikia akiwa ameshafika chini. Watu walipishana kwenye ngazi kwa adabu, huyu akimwambia yule pita wewe kwanza, na aliyepita kwanza akachomwa kisu mgongoni. Wanawake waliombana radhi huku wakivutana nywele zikang'oka na ngozi. Mahali pote hapo hakuna aliyesema hata "mjinga."

Askari wa Kikosi walizunguka wametega masikio. Waliwaruka majeruhi kwa uangalifu mkubwa. Mmoja wao alipomkanyaga mtu mkono kwa bahati mbaya, alirudi akamwomba msamaha, naye yule mtu, ambaye mkono ule haukuwa tena na mwili, hakujibu.

Jioni redio ikatangaza: "Mchezo umemalizika kwa utulivu wa kupigiwa mfano. Idadi ya waliofariki haikuzidi uwezo wa chumba cha maiti, na hakuna hata mmoja wao aliyetukanwa." Mheshimiwa Staha Mkunjo alivishwa nishani.

Mimi na Mzee Kondo tulikaa kila mmoja upande wake, hatusemi. Alipitisha karanga kwenye wavu, nikazipokea. Ilikuwa kama kumtembelea mtu jela, ila sikujua ni nani kati yetu mfungwa.

* * *

Kwenye mechi ya marudiano nusu tofali lililokuwa limetumwa kwa mtu mwingine lilinipata mimi utosini. Sikuona lilikotoka. Niliona weupe, kisha wekundu, kisha nikajikuta nimelala kati ya viti na damu inanijaa masikioni.

Mzee Kondo alipanda ule wavu. Mtu wa magoti mabovu kama yake, alipanda mpaka juu, akachanika paja, akaanguka upande wetu katikati ya Siafu waliokuwa na vyuma mikononi. Hawakumgusa. Labda walidhani wamemwona vibaya. Alivua kofia yake akaikandamiza juu ya kidonda changu, na kwa hofu akasahau ni mwaka gani.

"Amka, mchawi mkubwa wewe, matako ya kima. Ukifa leo nitamtukana nani? Amka nakwambia."

Nikafumbua macho.

Askari waliokuwa wakipita juu ya majeruhi walisimama wote kwa pamoja. Wakaja mbio, na mbele yao Koplo Mbegu, kijana wa Bondeni mwenye macho ya ndama.

"Nani ametukana hapa?"

"Ni huyu, afande," alijibu mtu mmoja nyuma yangu. "Nimemsikia kwa masikio yangu haya. Nilikuwa karibu kabisa, maana mimi ndiye niliyerusha tofali."

Koplo Mbegu akamshukuru kwa uraia wake mwema, akainama, akamwokotea tofali lake.

* * *

Mahakamani nilikwenda na kichwa kilichofungwa bandeji. Nilikuwa na jambo moja tu moyoni, kwamba Kondo arudi nyumbani. Nilikaa karibu na bintiye, Mashavu, tukashikana mikono. Mzee aliletwa kizimbani amezibwa mdomo kwa kitambaa, ili asije akatukana tena. Kitambaa kilikuwa kisafi na kimepigwa pasi. Mtu fulani katika jela ile alimjali.

Hakimu alikuwa na kikohozi kirefu. Kilipokwisha akanigeukia.

"Bibi, ulitukanwa?"

"Nilipigwa tofali, mheshimiwa."

"Tofali halina kesi. Naulizia tusi."

"Mheshimiwa, huyu ni mtani wangu. Sisi tunasalimiana hivyo hivyo."

"Unakiri alisema maneno yale?"

"Aliyasema ili niamke. Na niliamka."

"Yalikuumiza?"

Hapo nikaona mlango umefunguka. Nikasema kwa sauti yangu yote, "Hayakuniumiza hata chembe, mheshimiwa. Yalinipendeza."

Mashavu akanifinya vidole kwa furaha. Hakimu alifumba macho, akatikisa kichwa kwa huzuni, kama daktari.

"Kisheria," alisema, "tusi ni kama risasi. Likimkosa aliyelengwa haliishii hewani. Linaendelea kwenda mpaka limpate mtu. Bibi huyu anasema halikumpata. Koplo, nyuma ya bibi kulikuwa na nini?"

"Jukwaa kuu, mheshimiwa."

"Na jukwaa kuu kuna nini?"

Koplo Mbegu alijibu akitazama chini. "Picha ya Mlezi, mheshimiwa."

Hakimu akaeleza kwa upole kwamba lau ningeumia, mshitakiwa angepigwa mswaki mmoja akaenda zake. Lakini kumwita Mlezi mchawi mkubwa mwenye matako ya kima kulihitaji usafi kamili, mbele ya hadhara, wakati wa mapumziko ya mechi ijayo.

Nilipiga kelele kwamba limenipata, kwamba limeniua kabisa, nikaanza kulia. Hakimu alisema machozi yamechelewa, lakini akaamuru niletewe kiti chenye mto.

Nje, Mashavu aliuondoa mkono wake mkononi mwangu.

"Ungelia mapema, Bibi," alisema. "Machozi mawili tu. Baba angerudi na jino moja pungufu."

Tangu hapo hakunisemesha.

* * *

Walimfunga kwenye nguzo ya goli la kusini. Kwaya ya walimu iliimba wimbo wa usafi. Kitambaa kilitolewa mdomoni kwa sababu kingezuia kazi.

Sitaeleza yote. Mlio wa mninga juu ya mfupa si mkubwa. Unafanana na mtu anayevunja nazi nyumba ya tatu. Walibadilishana, maana askari mmoja alichoka na mwingine alianza kutapika, akaruhusiwa kukaa kivulini. Uwanja mzima ulikuwa kimya, Siafu na Kunguru, na wengi walitazama viatu vyao. Mimi sikutazama viatu. Mzee Kondo alikuwa akinitafuta kwa jicho moja lililobaki wazi, nikainua mkono juu, nikauacha huko huko juu mpaka bega likafa ganzi. Sijui kama aliuona. Kinywa chake hakikuwa tena na umbo la kinywa, lakini kilikuwa kinajaribu kufanya kazi, kama cha mtu mwenye jambo la kusema.

Walimfungua, wakamlaza pembeni ya mstari, wakamfunika koti la mmoja wao. Refa akatazama saa yake, akapuliza kipenga. Kipindi cha pili kikaanza kwa wakati. Kondo alikufa kabla ya kona ya kwanza.

* * *

Serikali haikumtupa. Ilileta sanda, ilileta mchele, na ilimleta Mheshimiwa Staha Mkunjo mwenyewe na Kikosi kizima kusimamia mazishi. Sheria ilikuwa imeshapanuliwa: popote wanapokusanyika mashabiki wa timu mbili, hapo ni uwanja, hata kama pana maiti.

Kwa wasiotufahamu nieleze kidogo. Kwetu mtu akifa, watani wake ndio wenye kazi kubwa. Jeneza likitaka kutoka, mtani hulala mlangoni akalizuia. Humtukana marehemu vya kutosha, na wafiwa humjibu mtani kwa matusi yao, mpaka mmoja ashindwe kwa kucheka. Hapo ndipo maiti anaruhusiwa kupita. Asiyetukanwa hajui kama ameruhusiwa. Hubaki anazungukazunguka pale kizingitini, akidhani amewaudhi watu.

Siafu walikuja wengi, kwa kuwa ni wajibu. Walijaa uani na mikono nyuma, midomo imefungwa, na askari wamesimama kila baada ya watu wachache, miswaki mikononi. Mashavu alikaa ukumbini, uso mkavu. Nilipoingia alitazama ukuta.

Mheshimiwa Waziri akahutubia. "Marehemu alikuwa na kinywa kichafu," alisema. "Serikali yake ikakisafisha. Mwenyezi Mungu amekipokea kikiwa tayari. Ni wananchi wangapi wanaobahatika hivyo? Sasa nawaomba tumtoe kwa ukimya unaostahili taifa lililostaarabika."

Vijana wanne wa Kunguru wakainua jeneza. Nikawatazama Siafu wenzangu mmoja mmoja. Kila mmoja aliniepuka. Wana watoto, sikuwalaumu. Nilikunja kanga yangu vizuri, nikaenda mpaka mlangoni, nikalala chali juu ya kizingiti.

"Bibi ameanguka," alisema Waziri. "Msaidieni."

"Sijaanguka, mheshimiwa. Nimelala."

Koplo Mbegu aliinama juu yangu. Macho yake yalikuwa yamevimba, na nikajua kwamba hakulala tangu siku ya uwanjani.

"Bibi, inuka, nakuomba. Usinifanyie hivyo."

"Sogea mwanangu. Unanizibia marehemu."

Akasogea. Sijui kwa nini alisogea, lakini alisogea, na hilo nitamwombea Mungu amwandikie.

"Wewe Kondo," nikasema, "mwana wa nguruwe pori. Unaondoka bila kuaga kama mgoni aliyesikia hodi ya mwenye nyumba. Watoto wa watu wanne wanakubeba, wanatoka jasho, na uzito wote huo ni wa tumbo. Maisha yako yote ulishindwa kunyamaza, na siku ya kunijibu ndiyo umefunga bakuli. Na nina habari yako, mbwa koko usiye na mkia. Ulilala pale pembeni ya uwanja kama gunia la makaa, hukuona. Mmeshinda mbili bila, takataka nyie. Na la pili lilikuwa la mkono."

Waziri alikuwa ameziba masikio kwa vidole viwili, na kwa hiyo alichelewa kutoa amri. Nilitazama boriti ya mlango nikangoja. Tusi lisilojibiwa ni kitu kizito sana kifuani. Niliwaza kwamba nimemkosea Kondo mara ya pili, kwamba sasa atabaki kizingitini, na mimi nitakuwa nimemfungia mlango.

Kisha nikasikia mkeka ukikwaruza. Mashavu alikuwa amesimama.

"Lala hapo hapo, kibibi kichawi," alisema, na sauti yake ilikuwa inakatika. "Mgongo wenyewe kama mlango wa choo cha soko. La mkono ni la mama yako. Baba yangu atakuruka, na akikuruka atakujambia."

Nikacheka. Sikuweza kujizuia. Mashavu naye akacheka, huku machozi yanamshuka mpaka kidevuni, na akaja akapiga magoti karibu na kichwa changu. Hapo Siafu mmoja wa nyuma, fundi seremala asiyesema hata arusini, akapaza sauti juu ya pua za Kunguru wote na jinsi zilivyopatikana. Kunguru mmoja akamjibu kuhusu dada zake. Basi ua zima likafunguka.

Waziri alikuwa ameshatoa vidole masikioni. "Safisheni," alisema.

Mswaki wa kwanza ulikuwa wangu. Koplo Mbegu alinigonga kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa, na Waziri akamwambia arudie, akarudia, na nikatema vipande vya kinywa changu kwenye ncha ya kanga ili nisiuchafue mlango wa watu. Mashavu alinikinga kwa mkono wake, mkono ukavunjika. Wabebaji walipigwa vichwani lakini hawakulishusha jeneza. Waliinua miguu juu, wakanivuka mmoja mmoja, na wa mwisho akaangalia asikanyage nywele zangu. Kondo akapita juu yangu, akatoka.

Uani watu walikuwa wanaanguka. Meno yalilia chini kama punje zinazomwagwa. Aliyeanguka alitukana akiwa chini, na mtani wake aliyekuwa bado amesimama alimjibu kwanza, ndipo akapigwa yeye. Siafu kwa Kunguru, tusi kwa tusi, kwa vinywa vilivyojaa damu, walimsindikiza mpaka barabarani na mawe yamejaa kando ya njia, na hakuna aliyeinama kuokota hata moja.